Taarifa Isiyo na Jina

Sehemu ya Tisa

"Mama Rejista, nijibu basi! Mtu mmoja anaweza kuwa na makundi mawili ya damu?"

Jumamosi iliyopita tulimwacha na swali hilo sikioni, mkono mmoja umeshika simu, mwingine umeshika kikombe cha chai.

Chai ile hakuinywa tena.

"Hawezi," alisema. "Nani kakwambia anaweza?"

"Kaniambia mashine yako!"

Aliyekuwa upande wa pili wa simu ni muuguzi wa wodi ya wanaume. Wenzake humwita Dada Kalamu, kwa sababu haamini kitu mpaka akiandike kwa mkono, hata kama kimeandikwa kwenye skrini kwa herufi kubwa kama za bango.

"Mzee wangu wa kitanda cha tano, yule fundi cherehani," aliendelea Dada Kalamu. "Saa nne asubuhi skrini ilisema kundi O. Nikaandika kwenye kadi yake. Sasa hivi natazama tena, skrini inasema B. Ile O haipo, imefutika! Ama malaika wamepita wakambadilishia mzee damu, ama kuna kitu."

"Ameshaongezewa damu?"

"Bado, yeye ni wa kesho. Lakini shoga, kama nisingeandika?"

Mama Rejista aliweka kikombe mezani.

Kama ndiyo kwanza unaungana nasi, jua haya machache. Mama huyu amekuwa karani wa kumbukumbu hospitalini hapo miaka ishirini na sita. Miaka mitatu ya mwisho, kila jioni, alikuwa akienda kusoma kompyuta katika darasa ambalo wanafunzi wote walikuwa rika la wanawe. Na miezi minne iliyopita, programu aliyoiandika kwa vidole vyake mwenyewe ilianza kazi.

Ni programu ndogo. Mashine ya kupima damu ikimaliza sampuli, huandika faili lenye jina la mwenye sampuli na kulitupa ndani ya folda moja. Mfumo endeshi wa kompyuta, ambao ni kama bawabu wa nyumba nzima, huliona likiingia na kutoa taarifa: limeingia faili, jina lake hili. Programu ya Mama Rejista husikiliza taarifa hizo. Ikisikia jina, huchukua majibu yaliyoingia mwisho na kuyapeleka kwenye skrini ya wodi au ya benki ya damu, chini ya jina hilo.

Zamani majibu yalitembea kwa miguu. Sasa yalikuwa yakiruka. Wakubwa walimpigia makofi, naye akaenda chooni kulia kwa furaha.

Leo hakukuwa na makofi.

Alikata simu, akafungua kumbukumbu ya programu, pale ambapo kila taarifa iliyopokelewa huandikwa mstari wake. Akashuka na kidole mpaka saa nne asubuhi.

Umeme ulikuwa umekatika, ukarudi saa nne kasoro. Mashine ya damu, iliyokuwa na sampuli nyingi tumboni, ilirudi na kuyatapika majibu yote kwa mpigo. Mistari ilikuwa imebanana. Jina, jina, jina. Fundi cherehani, kundi O.

Mstari uliofuata haukuwa na jina.

Saa ilikuwepo. Neno "limeingia" lilikuwepo. Mahali pa jina palikuwa patupu.

Na chini yake, kwa utiifu wote, programu ilikuwa imeandika: fundi cherehani, kundi B.

"Mungu wangu," alinong'ona. "Kama juu."

Alijua kilichotokea kabla hajatafuta sababu. Alikijua kwa sababu yeye ndiye aliyeifundisha programu kukifanya.

Katika ile rejista kubwa ya karatasi, mgonjwa akiwa na vipimo vitatu, karani haandiki jina lake mara tatu. Huliandika mara moja, na mistari inayofuata huweka vialama viwili vidogo, maana yake "kama juu". Mkono ukichoka, hata vialama havitiwi. Nafasi inaachwa tupu, na kila karani chini ya paa lile anajua: nafasi tupu ni yule yule wa juu. Mama Rejista alisoma nafasi tupu hivyo kwa miaka ishirini na sita na hakukosea hata siku moja.

Kwa hiyo alipokuwa akiandika programu, akajiuliza, je, taarifa ikija bila jina? Akatabasamu. Hilo si jambo la kumsumbua karani. Akaandika mstari mmoja: jina likikosekana, tumia jina lililotangulia.

Mstari mmoja tu.

Kidole chake kilikuwa kimekaa juu ya kitufe cha kufuta. Hakujua kimefikaje pale.

Angeweza. Afute kumbukumbu ya saa nne, arekebishe jibu la mzee, amwambie Dada Kalamu ilikuwa hitilafu ya umeme. Mzee ni wa kesho. Hakuna aliyeumia. Na keshokutwa wakubwa kutoka hospitali nyingine wanakuja kuitazama programu hii ili wakaitumie kwao.

Alifumba macho. "Ee Mola, usiniache nikawa mtu wa namna hiyo."

Akaondoa kidole. Kumbuka jambo hili, msomaji, maana kama angekibonyeza kitufe kile, mambo ya saa moja iliyofuata yasingekuwepo, na mtu mmoja angekuwa amekufa bila hata mmoja wetu kujua kwa nini.

Alimpigia Mwalimu wa Jioni. Mchana mwalimu huyo hutengeneza mashine za kutoa nakala, na kelele za mashine zilisikika nyuma yake.

"Mama yangu! Unanipigia mchana kweupe, una habari njema?"

"Mwalimu, taarifa ya faili ikija haina jina, maana yake nini?"

"Taarifa ya mfumo? Haina jina kabisa?"

"Nafasi tupu."

Kelele za mashine zilikoma. Alikuwa ameizima.

"Wewe uliifanyia nini?"

"Niliiambia programu itumie jina la juu."

"La haula," alisema mwalimu. "Mama, sikiliza. Mfumo una kitrei kidogo cha kuwekea taarifa. Mafaili yakiingia kwa kasi kuliko programu yako inavyosoma, kitrei kinajaa, na zinazozidi zinamwagika. Zikimwagika, mfumo unakuletea taarifa moja isiyo na jina. Hiyo siyo taarifa ya faili. Ni mfumo unakwambia: nimezidiwa, kuna nilizopoteza, sijui ni zipi wala ngapi, ingia ukague mwenyewe."

"Ngapi?"

"Inaweza kuwa moja. Inaweza kuwa kumi. Mfumo wenyewe haujui, mama. Ndiyo maana hakuna jina."

"Na mimi nikaipa jina."

"Ukaipa jina."

"Hukutufundisha hilo, mwalimu."

"Nililifundisha. Ilikuwa siku ile uliyoomba ruhusa uende kwenye arusi ya mdogo wako." Sauti yake ilikuwa ya huruma, si ya kulaumu. "Acha hayo. Uko mbele ya kompyuta? Futa ule mstari."

"Niweke nini badala yake?"

"Weka woga. Jina likikosekana, isikisie. Isipeleke kitu kwa mtu yeyote. Isimame, ifungue folda yote upya, isome faili moja moja. Ndani ya kila faili, juu kabisa, mashine imeandika namba ya sampuli, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Basi hiyo ndiyo shahidi. Taarifa ni umbea tu, inakwambia kuna kitu. Ukweli uko ndani ya faili. Linganisha kila faili na ulichopeleka. Lisilolingana, liandike kwenye karatasi."

Aliandika, akakosea, akafuta, akaandika tena. Mwalimu alikuwa akimsomea polepole, kama anayemshika mtu mkono kwenye ngazi za giza.

"Haya. Iwashe."

Akaiwasha. Mashine ya kuchapa kwenye kona ilikohoa, ikatoa ncha ya karatasi, ikatulia. Kompyuta ile ilikuwa nzee, na folda ilikuwa na mafaili ya wiki nzima.

Mstari wa kwanza ulichapwa.

"Mama mjamzito wa kliniki, kundi B. Liliandikiwa: kitanda cha tano, wanaume."

"Huyo ndiye B wa mzee," alisema Mama Rejista, akashusha pumzi. "Mjamzito yuko kwake salama, alikuja kupimwa tu. Mwalimu, nadhani ni hilo moja."

"Usidhani, mama. Kudhani ndiko kulikotufikisha hapa. Subiri."

Mashine ilikohoa tena. Mstari wa pili.

"Dereva, kipimo cha afya ya kazi, kundi A. Liliandikiwa: kitanda cha tisa, wanawake."

Kitanda cha tisa.

Simu ilimponyoka, ikaanguka mezani. Sauti ya mwalimu ikabaki ikiita kwa mbali: "Mama? Mama, upo?"

Hakuwepo. Alikuwa ameshafika mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kingine kimebaki chini ya meza.

Kitanda cha tisa alilala Kitinda.

Kitinda ni mdogo wake wa mwisho. Mama yao alifariki Kitinda akiwa na miezi minane, na binti wa darasa la sita akaacha shule, akamfunga mtoto mgongoni, akawa mama. Miaka mingi baadaye ni Kitinda aliyejaza fomu ya darasa la jioni bila kumwuliza mtu, akaileta na kusema, "Dada, ulinibeba mgongoni. Leo zamu yangu. Kesho saa kumi na moja unaanza, na usiniambie umri."

Asubuhi ya leo uvimbe ulipasuka tumboni mwa Kitinda. Alipolazwa kwenye machela, uso umekuwa mweupe kama chaki, bado alitania: "Dada, nikifa usinivalishe lile gauni la kijani. Linaninenepesha."

Saa nne alikuwa amepimwa damu, na majibu yalikuwa O. Mama Rejista alikuwa ameona mstari wenyewe kwenye kumbukumbu na kuupita, macho yakimtafuta fundi cherehani tu. Chini yake, nafasi tupu ya pili. Na chini ya nafasi tupu, A.

Skrini huonyesha jibu la mwisho.

Na saa saba hii ya mchana Kitinda alikuwa kwenye meza ya upasuaji, na dada yake alikuwa ameambiwa angoje habari ofisini.

Alipanda ngazi mbili mbili. Kwenye korido ya juu mfanya usafi alikuwa amemwaga maji ya sabuni. "Mama, utateleza!" Aliteleza, akapiga goti, akainuka. Goti hakulisikia. Alisikia moyo tu, unagonga masikioni kama mtu anayetaka kufunguliwa.

Taa nyekundu juu ya mlango ilikuwa inawaka. Akagonga kioo kwa viganja vyote viwili.

Muuguzi wa mlangoni alichungulia, barakoa usoni. Alifungua kwa upana wa sikio. "We mama, umechanganyikiwa? Kuna mtu amefunguliwa tumbo humu!"

"Mmeshampa damu?"

"Ndiyo inatundikwa."

"Kundi gani?"

"A. Skrini inasema A."

"Skrini inasema uongo!" Sauti ilimtoka mpaka mfanya usafi kule mwisho akasimama na fagio lake. "Mimi ndiye niliyeifanya iseme uongo. Yeye ni O. Mkiweka ile mtamuua!"

Kutoka ndani daktari alipaza sauti bila kuinua kichwa. "Nani huyo?"

"Karani wa rejista, daktari. Anasema damu siyo."

"Karani anajua nini habari za damu?"

"Sijui habari za damu, daktari!" alilia Mama Rejista kupitia ule upana wa sikio. "Najua habari za jina lililokosekana. Majibu ya mtu mwingine yameandikwa juu ya yake. Nakuomba kwa jina la Mungu, funga mrija huo. Ukiona ni mwongo, nifunge na mimi."

Daktari aliinua kichwa.

Kupitia kioo aliuona mfuko ukining'inia. Aliona wekundu ukishuka ndani ya mrija, umeshapita nusu, unaelekea kwenye mkono mweupe uliolala pembeni ya meza kama mkono usio na mwenyewe. Shubiri moja ilibaki. Shubiri moja na kidogo.

"Funga," alisema daktari.

Mkono wenye glavu ulisukuma kigurudumu cha mrija. Wekundu ukasimama.

"Tone moja kwenye kadi ya kupimia. Haraka."

Ile dakika moja ilikuwa ndefu kuliko miaka ishirini na sita ya rejista. Mama Rejista alishika fremu ya mlango, midomo ikicheza, akiomba bila maneno kwa sababu maneno yalikuwa yamemwishia.

"O," alisema mtu ndani.

Daktari alitukana kidogo, lakini hakumtukana Mama Rejista. "Hakuna muda wa kupima kama damu inapatana na yake. Nataka mfuko wa O, na nautaka ndani ya dakika kumi. Anavuja kama bomba. Nani wa kwenda?"

Muuguzi wa mlangoni alitazama mikono yake yenye glavu.

"Mimi," alisema Mama Rejista. "Mimi naenda."

Benki ya damu iko chini kabisa, chumba cha majokofu kinachonguruma mchana kutwa. Mwangalizi wake huitwa Bwana Barafu: mtu mnene, mpole, anayevaa sweta mwaka mzima na mwenye mzaha kwa kila anayeingia.

"Mama Rejista! Umekuja mguu mmoja peku, umeanza kufunga ndoa na sakafu?"

"Nipe O. Kitinda anakufa."

Mzaha ulimtoka usoni. Alifungua jokofu kabla hajauliza swali la pili. "Una bahati, mama. Nilikuwa sina kabisa tangu juzi. Huu mmoja umechangiwa jana, leo saa sita nimeupandisha rafu ya juu."

"Umepimwa?"

"Rafu ya juu yote ni safi."

"Majibu yake yamekuja?"

"Majibu?" Bwana Barafu alikuwa ameshauzungushia mfuko taulo. "Tangu enzi za karatasi, maabara huniletea habari mbaya tu. Mfuko ukiwa mbovu wanapiga kelele, nautupa. Ukiwa mzuri hawasemi kitu. Mimi habari njema nilishaacha kuzingojea. Ikifika saa sita nikasikia kimya, namshukuru Mungu na kuupandisha juu. Shika kwa mikono miwili. Kimbia!"

Akakimbia.

Mfuko ulikuwa baridi kifuani pake, mzito kama mtoto aliyelala. Ngazi zile zile, sabuni ile ile. Mfanya usafi alimtandikia gunia juu ya maji, akasimama kando akimpungia apite. Alifika mlangoni pumzi zimemwishia, akaupitisha mfuko kwenye ule upana wa sikio, na mikono yenye glavu ikaupokea.

"Dakika nane," alisema muuguzi wa mlangoni, na macho yake juu ya barakoa yalikuwa yanacheka. "Nenda kakae, mama. Umeshafanya kazi yako."

Mlango ukafungwa.

Alitaka kukaa. Goti sasa lilikuwa limeanza kudai haki yake. Alijishika ukutani, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo yale aliyoyazoea tangu utoto. Ahsante. Ahsante kwa Dada Kalamu na kalamu yake. Ahsante kwa kidole kisichobonyeza. Ahsante kwa shubiri moja.

Alipofungua macho, alikumbuka kwamba mwalimu bado yuko kwenye simu.

Alishuka taratibu, akichechemea. Ofisini kikombe cha chai kilikuwa pale pale. Kiatu kilikuwa chini ya meza, akakivaa. Simu ilikuwa bado inawaka.

"Mwalimu, bado upo?"

"Mama! Nimezeeka hapa! Kumetokea nini?"

"Tumewahi. Tumewahi, mwalimu, damu ilikuwa imebakiza shubiri." Alianza kucheka na kulia kwa pamoja. "Mdogo wangu huyo, yule wa arusi. Nimempelekea mfuko mzuri kwa mikono yangu mwenyewe."

"Alhamdulillahi. Sasa kaa chini unywe maji. Ukaguzi umeisha?"

"Sijaangalia. Si ni mawili, la mzee na la Kitinda?"

"Nafasi tupu ni mbili. Mafaili yaliyomwagika hatujui. Nilikwambia, nafasi moja inaweza kuwa imebeba kumi. Tazama karatasi."

Alivuta karatasi kutoka kwenye mashine ya kuchapa. Mistari miwili aliyoisoma. Na chini yake, mmoja zaidi.

"Kuna la tatu," alisema.

"Liliandikiwa nani?"

"Halikuandikiwa mtu. Hapa pamechapwa: halikupelekwa popote."

"Hilo ndilo lililozama kabisa. Lenyewe halikupata hata jina la uongo. Ni la mgonjwa gani?"

Mama Rejista aliisogeza karatasi karibu na macho. Namba za sampuli za wagonjwa huanza na W. Hii haikuanza na W. Ilianza na M.

"Siyo mgonjwa, mwalimu." Sauti yake ilikuwa imeanza kubadilika. "M ni mfuko. Ni kipimo cha damu ya mchangiaji."

"Wa lini?"

"Wa jana."

Jana uliingia mfuko mmoja tu wa O. Bwana Barafu alikuwa amesema hana kabisa tangu juzi.

Macho yake yaliteremka kwenye mstari, polepole, kama mtu anayeshuka kisimani. Kundi: O. Sawa. Tarehe: jana. Sawa. Kisha safu ya mwisho, ile ya maradhi yanayoambukiza kwa damu, ambapo mashine huandika moja kati ya maneno mawili.

CHANYA.

Maabara husema habari mbaya tu. Habari mbaya ilisemwa saa nne asubuhi, ikamwagika kwenye kitrei, ikalala ndani ya folda bila kumfikia mtu. Na kule chini mtu mpole mwenye sweta alisikia kimya, akamshukuru Mungu.

Kimya nacho kilikuwa nafasi tupu. Bwana Barafu aliijaza kwa desturi yake, kama Mama Rejista alivyoijaza kwa yake.

"Mama? Mama, limeandikwa nini?"

Safari hii simu hakuiangusha. Alikimbia nayo mkononi, mwalimu akiita kutoka ndani ya kiganja chake. Ngazi. Gunia. Korido. Taa nyekundu ilikuwa inawaka bado. Alijitupa kwenye kioo kwa mwili mzima, karatasi imekunjamana kati ya kiganja na kioo, akipiga kelele neno lile moja, na kioo kile kinene hakikupitisha hata herufi.

Muuguzi wa mlangoni aligeuka, akamwona.

Alimwona mama aliyelowa machozi, anagonga kioo, anataka kujua hali ya mdogo wake. Kwa upole mkubwa akanyoosha mkono kuonyesha mfuko uliotundikwa, na mrija uliokuwa mwekundu kutoka juu mpaka ndani ya mkono wa Kitinda.

Kisha akainua kidole gumba.